Historia ya mashirika ya watu wenye ulemavu isimuliwe na walioishi ndani yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonihuzunisha kila ninapoalikwa kwenye sherehe za kumbukumbu za shule maalum na makao ya watu wenye ulemavu katika eneo hili la Nyanza na Magharibi. Taasisi nyingi za aina hiyo zilianzishwa karibu na wakati wa uhuru, kwa hivyo zimetimiza miaka 60 au zinakaribia kuitimiza, na jubilei sasa zinafuatana. Vijitabu vya rangi huchapishwa, hotuba hutolewa, bamba la marumaru huzinduliwa, na anayesimuliwa katika hayo yote ni mwanzilishi, mfadhili, askofu, mkurugenzi na mgeni wa heshima. Mtoto aliyeletwa pale akiwa na umri wa miaka sita, akalala katika bweni lile kwa miaka mingi, akajifunza kushona viatu au kusoma nukta nundu, kisha akaondoka kwenda kuyatafuta maisha, huonekana pichani tu, na chini ya picha hiyo hakuna jina lake.

Nilifundisha watoto wenye ulemavu hadi nilipostaafu, na sina nia ya kuwavunjia heshima waliojenga shule hizo. Walijenga wakati serikali ya kikoloni haikuwa na haja na mtoto Mwafrika asiyeona, na wakati familia nyingi zilimficha mtoto wa namna hiyo nyumbani kwa aibu au kwa hofu. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona Thika mwaka 1946, wakati Kenya nzima haikuwa na shule nyingine kama hiyo. Kenya Society for the Blind iliundwa mwaka 1956 kwa sheria, na mwaka 1958 likafuata shirika la APDK, linalowahudumia wenye ulemavu wa viungo, ambalo ndilo lililoanzisha karakana za Bombolulu kule Mombasa mwaka 1969. Hapa Kisumu tuna Joyland kwa watoto wenye ulemavu wa viungo na Kibos kwa wasioona, zote zikiwa chini ya udhamini wa Jeshi la Wokovu. Siaya kuna shule ya wasioona ya St. Oda pale Aluor, na Nakuru kuna shule ya viziwi ya Ngala. Bila watu wa makanisa na wahisani waliojitolea, maelfu ya Wakenya wasingejua kusoma. Hayo nayakubali bila masharti.

Ninachokipinga ni kuifanya historia ya mashirika haya kuwa historia ya wema wa watoaji peke yao. Simulizi ya namna hiyo inapotosha, kwa kuwa mabadiliko makubwa kabisa yaliyotokea ndani ya taasisi hizi hayakuletwa na wakurugenzi wala wafadhili. Yaliletwa na waliolala katika vitanda vyake. Nitatoa mfano mmoja wa mbali ambao umeandikwa vizuri, na mmoja wa hapa kwetu ambao karibu haujaandikwa.

Wakazi wengi wa eneo la Ziwa wanalifahamu shirika la Uingereza liitwalo Leonard Cheshire. Mwaka 2001 lilianza mradi wa elimu jumuishi pale Oriang, katika iliyokuwa wilaya ya Rachuonyo, ukihusisha shule tano za msingi za kawaida ambamo watoto wenye ulemavu walikaa darasa moja na wenzao. Katika muongo uliofuata likapanua kazi hiyo hadi shule 50 za eneo la Ziwa, likiwalenga zaidi ya wasichana 2,000 wenye ulemavu ambao wangebaki nyumbani wakichunga wadogo zao au wakifichwa chumbani. Vyoo vilipanuliwa, njia za mteremko zikajengwa milangoni, walimu wakapewa mafunzo, na vituo vya serikali vya kuwapima watoto, ambavyo vimekuwapo nchini tangu 1984, vikapata kazi ya kufanya vijijini. Ni kazi njema iliyoonekana kwa macho.

Shirika hilo lilizaliwa kwa njia ya ajabu. Leonard Cheshire alikuwa rubani wa ndege za kivita katika Vita Vikuu vya Pili, akatunukiwa Nishani ya Victoria mwaka 1944 baada ya kuruka zaidi ya mara mia katika misafara ya mashambulizi, na tarehe 9 Agosti 1945 alikuwa katika ndege akitazama kwa niaba ya Uingereza bomu la atomiki likiteketeza Nagasaki. Baada ya vita alijaribu kuunda kijiji cha ushirika kwa askari wa zamani na familia zao. Jaribio hilo lilivunjika, likamwachia madeni na jumba kubwa liitwalo Le Court, katika mkoa wa Hampshire. Mwaka 1948 hospitali ilimjulisha kwamba Arthur Dykes, mmoja wa waliokuwa katika kijiji kile, alikuwa anakufa kwa saratani, kwamba hospitali haikuwa na la kumfanyia, na kwamba hakuwa na ndugu wa kumpokea. Cheshire hakupata mahali pa kumpeleka. Akamchukua mwenyewe hadi Le Court, akampikia, akamwogesha na kumgeuza kitandani hadi alipofariki mwezi Agosti mwaka huohuo. Kabla Dykes hajazikwa wagonjwa wengine walikwisha kuanza kuja, na majirani wakaja na magodoro na mboga. Mwaka 1956 kazi ikavuka bahari hadi India, na Cheshire alipofariki mwaka 1992 kulikuwa na makao yenye jina lake katika nchi karibu 50, Kenya ikiwa mojawapo.

Hiyo ndiyo sehemu ya historia inayopendwa jukwaani, nami naipenda pia. Mtu aliyeona mji mzima ukiangamia akamalizia maisha yake kwa kuwahudumia watu mmoja mmoja ni mtu wa kukumbukwa.

Lakini kuna nusu ya pili. Baada ya miaka michache waliokuja Le Court hawakuwa tena wazee na wagonjwa wa kufa. Walikuwa vijana waliopooza kwa polio au wenye magonjwa ya kudhoofika misuli, watu wa miaka 20 au 30 ambao wangeishi miongo mingi wakiwa na akili timamu, tamaa za kawaida na maoni yao. Wasimamizi waliwawekea kanuni kama za wodi ya hospitali: saa ya kulala ilipangwa, kunywa pombe kulikatazwa, urafiki kati ya wanaume na wanawake ulichunguzwa, na mtu hakuweza kutoka nje bila kuarifu. Wakazi wale wakaunda kamati yao, wakaandika katika jarida lao wenyewe, wakatengeneza hata filamu, na wakabishana na wasimamizi kwa miaka hadi wakapata haki ya kuamua watalala saa ngapi. Katika mwaka 1962 wakawaita wao wenyewe watafiti kutoka taasisi ya Tavistock ya London waje kuchunguza maisha ya makaoni, kwa matumaini kwamba elimu ingewaunga mkono. Matokeo yalipotangazwa miaka kumi baadaye yaliwavunja moyo. Watafiti walikiri kwamba jamii inawatia watu hawa katika makao kama waliokwisha kufa ingawa bado wanapumua, lakini ushauri wao ukaishia kwenye kuyafanya makao yawe bora kidogo. Hawakuuliza kwa nini mtu afungiwe humo.

Mmoja wa wakazi hao aliitwa Paul Hunt, kijana mwenye ugonjwa wa misuli aliyekuwa ameishi Le Court tangu 1956. Tarehe 20 Septemba 1972, akiwa ameshaondoka na kuoa, gazeti la The Guardian lilichapisha barua yake fupi kwa mhariri akilalamika kwamba watu wenye ulemavu mkubwa wanafungiwa mahali ambapo maoni yao hayasikilizwi, na akawaalika wenye mawazo kama yake waungane naye. Walioitika waliunda muungano wa watu wenye ulemavu wa viungo wa kupinga kutengwa, na mwaka 1976 ukatangaza kanuni zake. Kiini cha kanuni hizo ni kwamba mwili wenye kasoro ni jambo moja, na kuzuiwa kushiriki maisha ya jamii ni jambo jingine, na la pili hufanywa na jamii yenyewe. Wazo hilo leo limo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, na limo katika sheria zetu. Lilitoka kwa mtu aliyekuwa ameoshwa na kulishwa na shirika la hisani, naye akatumia ukurasa kama huu wako, Mhariri, kulisema.

Wala hawakuishia kwenye maneno. Mwaka 1979 kikundi cha wakazi wa Le Court kilianza mpango waliouita Project 81, kwa kuwa 1981 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Walikaa na serikali ya mtaa wakapiga hesabu. Ikiwa inalipa makao fedha kwa ajili ya mtu mmoja, kwa nini fedha hizo asipewe mtu huyo akapanga nyumba mjini na kuajiri msaidizi anayemtaka yeye? Mmoja baada ya mwingine wakahama. Mwaka 1996 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuruhusu malipo hayo kwenda moja kwa moja mkononi mwa mwenye ulemavu. Le Court yenyewe ilifungwa mwaka 2007. Kwa hiyo makao ya kwanza ya shirika kubwa namna hiyo yaligeuzwa na wakazi wake kutoka ndani, na anayeisimulia historia yake hadi kifo cha Dykes na India peke yake anaikata katikati.

Sasa nije nyumbani.

Mwaka 1961 shule mbili za kwanza za watoto viziwi nchini zilifunguliwa karibu na hapa: moja Nyang'oma, upande wa Bondo, na nyingine Mumias. Zote mbili zilikuwa za Kanisa Katoliki. Nia ilikuwa njema, ila mbinu iliyotawala wakati huo, si Kenya tu bali duniani kote, ilikuwa kumfundisha kiziwi kutamka na kusoma midomo. Ishara za mikono zilionekana kuwa kikwazo, na mtoto aliyezitumia darasani alikatazwa, pengine kwa kiboko. Hali iliendelea hivyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati Wizara ya Elimu ilipokubali ishara zitumike pamoja na matamshi.

Kilichotokea mabwenini ni jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuishi na watoto anaweza kulielewa. Watoto waliotoka nyumba za Wajaluo, Waluhya, Wakisii na Wakalenjin, ambao nyumbani kila mmoja alikuwa na ishara chache za kuomba maji na chakula, walipowekwa pamoja hawakungoja mwalimu awape lugha. Waliijenga. Ishara za mmoja zilikutana na za mwingine, zikapata mpangilio, na wadogo wakazirithi kwa wakubwa wao mwaka baada ya mwaka. Wanafunzi walipomaliza na kusambaa nchini kutafuta kazi, lugha ilisambaa pamoja nao. Wanaoichunguza Lugha ya Ishara ya Kenya huzitaja Nyang'oma na Mumias wanapoeleza chimbuko lake. Na Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 120 kwamba lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya.

Naomba wasomaji wapime uzito wa jambo hili. Watoto wa shule ya hisani, waliokuwa wakiadhibiwa kwa kuongea kwa mikono, waliunda lugha ambayo leo ni mojawapo ya lugha tatu za Bunge la Taifa. Katika historia nzima ya elimu maalum nchini sijui jambo kubwa kuliko hilo, na halikupangwa na kamati yoyote wala kugharimiwa na mfadhili yeyote. Tunawajua waliojenga madarasa. Wale watoto wa kwanza, majina yao yamo katika rejista za zamani ambazo ninahofia ziko kwenye kabati lenye mchwa, na kama bado wako hai wamepita miaka 65.

Ndiyo maana naandika sasa, sikungoja jubilei nyingine. Kizazi kinachoweza kusimulia mwanzo kinapungua haraka. Vivyo hivyo kwa wenye ulemavu wa viungo: shule kama Joyland kwa muda mrefu zilijaa watoto waliopooza kwa polio, kabla mpango wa taifa wa chanjo, ulioanza mwaka 1980, haujaupunguza ugonjwa huo hadi kukaribia kuutokomeza. Wengi wa wasioona wa rika hilo walipoteza macho kwa surua iliyowakuta wakiwa na upungufu wa vitamini A. Watoto wa leo katika shule hizo wana hali nyingine, kwa mfano mtindio wa ubongo na mgongo wazi, na wanalelewa kwa mafunzo na vifaa vingine. Kwa hiyo walioishi na magongo ya mbao na vyuma vizito vya miguuni, waliofundishana kupanda ngazi kwa kukaa kitako, waliokaa muhula mzima bila kuona mzazi kwa kuwa nauli ya basi ilikuwa kubwa, ndio watu wa mwisho wenye kumbukumbu hiyo. Wakiondoka hakuna faili litakaloieleza, kwa sababu faili liliandikwa na muuguzi na mwalimu mkuu.

Kumbukumbu hiyo haitakuwa tamu yote. Baadhi watasimulia mapenzi ya kweli waliyopata kutoka kwa watawa na walimu, na jinsi shule ilivyowaokoa kutoka katika nyumba ambako hata jina zuri hawakupewa. Wengine watasimulia njaa, viboko, na upweke wa mtoto aliyeachwa langoni na mzazi asirudi tena. Kuna watakaosema kwamba walifundishwa kushona vikapu na viatu ilhali walikuwa na akili ya kuwa mawakili, kwa sababu mtu fulani aliamua kwamba kazi ya mikono ndiyo inayomfaa mlemavu. Nimekutana na watu wanaosema hayo yote kwa pamoja kuhusu shule ileile, na naamini wote wanasema kweli. Bodi za shule na mashirika zisiogope kuyasikia. Shirika lililofanya kazi miaka 60 linaweza kuustahimili ushahidi wa watu wake, na wafadhili wenye busara wataliheshimu zaidi likiusikiliza.

Jambo hili lina faida hata nje ya historia. Kaunti zetu zinaamua sasa kama zitatia fedha katika shule maalum za bweni au katika kuzifanya shule za kawaida zimpokee kila mtoto, kama ilivyojaribiwa Oriang. Sera ya Wizara ya Elimu ya mwaka 2018 inaelekea kwenye ujumuishi. Wataalamu husemezana, wafadhili huleta ripoti, wazazi huulizwa kidogo. Aliyekaa miaka kumi bwenini kisha akaishi miaka 40 mjini miongoni mwa watu wasio na ulemavu anajua faida na hasara za njia zote mbili kuliko mtaalamu yeyote, na mara nyingi jibu lake si la upande mmoja. Viziwi wengi, kwa mfano, watakuambia kwamba kumtawanya mtoto kiziwi peke yake katika darasa la watoto 60 wanaosikia ni kumnyima lugha, kwa sababu lugha yake ilizaliwa mahali ambapo viziwi walikuwa wengi pamoja. Aliyepooza miguu anaweza kukuambia kinyume, kwamba hakuhitaji kupelekwa mbali na ndugu zake kwa ajili ya ngazi tatu za mlangoni. Tunawezaje kupanga vizuri bila kuwauliza hawa?

Kuna watakaouliza kama fedha za kurekodi kumbukumbu zisingefaa zaidi kununua viti vya magurudumu. Nawaelewa, kwa kuwa viti vinahitajika na bei yake ni kubwa. Lakini kazi ninayoizungumzia haihitaji fedha nyingi, inahitaji uangalifu. Kiziwi hatasimulia kwa kuandikiwa maswali kwenye karatasi. Ahojiwe kwa lugha ya ishara mbele ya kamera, na anayehoji awe kiziwi mwenzake ikiwezekana, kisha tafsiri ya maandishi ifuate. Asiyeona arekodiwe sauti, na kinachoandikwa kitolewe pia kwa nukta nundu ili aweze kukikagua mwenyewe na kusema hapa umenikosea. Mwenye ulemavu wa akili apewe muda, awe na mtu anayemzoea, na asionekane kuwa hana la kusema, kwani wengi wao hukumbuka vizuri mno nani aliwatendea wema na nani aliwatisha. Simu nyingi za siku hizi zinatosha kufanya kazi hii. Vyama vya watu wenye ulemavu viko, kuanzia muungano wa taifa wa UDPK ulioundwa mwaka 1989 hadi vikundi vidogo vya mitaani, na wanajua nani yuko wapi kuliko ofisi yoyote.

Upande wa nyaraka ni mgumu zaidi. Rejista, barua za wafadhili, ripoti za wakaguzi na picha za zamani ziondolewe kwenye stoo zinazovuja, zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na asili zake zipelekwe mahali salama kama vile vituo vya Idara ya Nyaraka za Kitaifa huku kwetu. Hata hivyo faili za watoto zina mambo ya siri: ugonjwa, hali ya familia, wakati mwingine jina la mama aliyemtupa mtoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haituruhusu kuyamwaga hadharani, na hata kama ingeruhusu isingekuwa adabu. Mwenye faili aonyeshwe faili lake kwanza, yeye au jamaa zake, na aamue. Nimesikia watu wazima wakisema kwamba hawajawahi kuona kilichoandikwa juu yao na shule iliyowalea. Hilo peke yake lirekebishwe hata kabla ya mradi wowote wa historia kuanza.

Picha nazo zina madai yake. Kwa miaka mingi picha za watoto wetu wakitambaa au wakinyoosha mikono zimetumika kuomba misaada ng'ambo. Baadhi ya watoto hao sasa ni wazazi na wajukuu wanao, na hawakuwahi kuulizwa. Shirika linaloandaa maonyesho ya jubilei lianze kwa kumtafuta aliye pichani, kumpa nakala, kuandika jina lake akikubali, na kuiondoa akikataa.

Nina maombi matatu, na nitayaeleza kwa ufupi kwa kuwa barua yangu imekuwa ndefu. Bodi yoyote ya shule maalum au makao katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Kakamega na Nakuru inayopanga jubilei iweke wanafunzi wake wa zamani katika kamati ya kuandika kijitabu, na iwape haki ya kusoma na kusahihisha kabla hakijachapishwa. Kuwapa viti vya mbele siku ya sherehe hakutoshi. Vyuo vikuu vyetu, hasa Maseno ambacho kimekuwa kikifundisha walimu wa elimu maalum, viwaelekeze wanafunzi wa historia na wa isimu kwenye kazi hii, na wanafunzi wenye ulemavu wapewe nafasi ya kwanza.

Ombi la tatu ni kwako, Mhariri. Tafadhali tenga sehemu ya ukurasa wako, hata mara moja kwa mwezi, kwa ajili ya barua na masimulizi ya watu waliosoma au kuishi katika taasisi hizi kabla ya mwaka 1980. Wasioweza kuandika waruhusiwe kutuma sauti au video ili waandishi wako wazinukuu kwa idhini yao. Nitafurahi kusaidia kuwafikia walioko Kisumu na Siaya, kwa kuwa baadhi yao niliwafundisha na wengine walinifundisha mimi kuongea kwa mikono. Natumaini wa kwanza kujibu atakuwa mmoja wa walioingia Nyang'oma au Mumias mwaka ule wa 1961, na akijibu, naomba barua yake ichapishwe nzima, na jina lake liandikwe.

Mwalimu mstaafu wa elimu maalum,
Kisumu